Spring Ngumu za Kaka

Kaka yangu hupanda Marangu kila Desemba, kama Wachaga wote wa Dar, na kila Desemba gari lake lilikuwa linakwama kwenye mawe ya njia ya kwetu. Analiacha kwenye lami, anapanda kwa miguu na viatu vyake vya kung'aa, majirani wanacheka mpaka basi. Mwaka jana akaamua kuliinua. Akafunga spring ngumu za kubebea mizigo, shokapu akaacha zilezile kuukuu, akatokea kwangu Shirimatunda, huku chini mjini, kifua mbele.

Nilikuwa namuuguza mama, aliyetoka kufanyiwa upasuaji wa nyonga. Daktari alisisitiza asirushwerushwe kabisa, kidonda bado kibichi. Kaka akataka kumpandisha nyumbani Marangu kwa mtambo wake huo. Nikamwambia: spring inabeba gari, shokapu inalituliza. Spring ngumu bila mzigo haibonyei, inapiga, na shokapu yako imechoka, kwa hiyo ikishapiga inaendelea kudunda.

"Acha ujuaji," akasema.

Tuta la kwanza tu, mama akapiga kelele, "Yesu na Maria!" Tukageuza.

Tukajaza nyuma magunia ya pumba za ng'ombe wa mama. Gari likakaa, mashimo likawa linayameza. Kwenye kona lilikuwa linalala ubavu, na usukani ukawa mwepesi hadi kaka akaacha kuongea, jambo ambalo sijawahi kuliona. Lakini mama alisinzia.

Akaamka tulipofika kwa mama mdogo, pale lami inapoishia.

"Shusheni pumba."

"Mama, hizo pumba ndizo zinazokushikia nyonga!"

"Nipite kwa mdogo wangu na magunia yote haya, halafu nimwambie nini?"

Tukashusha yote, tukamwachia mama mdogo. Utabishana na nani? Kwetu mtu yuko tayari kuvunjika kuliko kusemwa mchoyo.

Jiwe la kwanza, mama hakupiga kelele. Alishika mlango, machozi yakamtoka, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kaka akazima gari katikati ya njia.

Akina mama wa jumuiya yake ya kanisani, waliokuwa wanatusubiri kwa juu, wakashuka mbio. Nikawaambia waingie wote, wakae yalipokuwa magunia. Miili yao Mungu aibariki, gari likabonyea kwa heshima zote. Tukapanda taratibu huku wanaimba, mama akafika nyonga ikiwa salama.

"Mmeona gari lilivyotulia?" kaka akathubutu kusema.

"Wamelituliza hao akina mama," mama akamjibu. "Wewe ulitaka kuniua."

Kesho yake asubuhi kaka alishuka mjini bila kumuaga mtu, akarudishiwa spring za zamani. Mchana nikamwona anapanda kwa miguu kutoka kwenye lami, viatu vimejaa vumbi, majirani wamejipanga wanacheka. Nilicheka kuwazidi wote. Halafu nikashuka kumpokea begi.