Sindano Irudi Ilipokuwa

Nilitoka Webuye na cheti cha kidato cha nne, begi moja, na redio ya marehemu baba niliyoipakata mapajani hadi Mombasa. Basi la kwanza lilitufikisha Nairobi. La pili likaharibika Mtito Andei, tukashinda juani, tukalisukuma, tukapanda tena. Barabara ya siku hizo ilikuwa mashimo matupu. Niliposhuka Changamwe miguu ilikuwa imevimba na redio imekuwa bubu.

Kibanda cha kwanza cha fundi nilichokiona kilikuwa cha mzee mmoja wa Mtongwe, ambaye kila siku alivuka maji kuja kazini. Waliofanya kazi kwake walimwita Fundi Mkuu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona waipakata kama mtoto mgonjwa?"

"Ni mgonjwa kweli."

Kabla hajagusa bisibisi, alichukua chaki akatia alama kwenye kioo cha redio, pale iliposimama sindano ya stesheni. Ndani, waya wa spika ulikuwa umeng'oka. Akaushika kwa risasi, yaani ile metali laini inayoyeyushwa kwa chuma cha moto ili iunganishe nyaya. Akazungusha kitufe, taarabu ikatoka safi kabisa. Kisha akairudisha sindano kwenye chaki. Redio ikawa inavuma tu, kama mvua ya mbali.

"Mzee, hapo hapana kitu," nikamwambia. "Hiyo ni stesheni ya kwetu, huku haifiki."

"Kilichoko hapo si kazi yangu. Wewe uliiweka hapo, nami nakurudishia hapo. Ukitaka kuihamisha, mkono ni wako."

Nikamwomba kazi palepale. Akaniuliza, "Wajua kuchoma risasi?" Nikasema sijui. "Basi afadhali. Hujaharibiwa na mtu." Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini.

Alinifundisha kutumia mita, kifaa kinachokuonyesha umeme unapita wapi na umekatikia wapi. Alinifundisha kuogopa kondensa, kidude mfano wa pipa dogo ambacho huhifadhi umeme na kuweza kukurusha hata redio ikiwa imechomolewa. Lakini chaki ilitangulia yote. Fundi mwenzangu aliwahi kurudisha redio ya mwalimu wa madrasa ikiwa kwenye taarabu. Fundi Mkuu alivaa kofia yake akaenda mwenyewe kuomba radhi.

Macho yake yalipochoka alinipeleka Timbwani, kwa mpwa wake aliyetengeneza televisheni. Huko kazi ilikuwa majumbani. Ulipiga hodi, ukangoja, ukaingia ukiitwa, ukakaa umeupa mgongo mlango wa ndani. Mwenye nyumba wa kike alikueleza ugonjwa wa televisheni akiwa nyuma ya pazia.

"Yaonyesha chenga tu, fundi. Watu hawana nyuso."

"Nitaziona sasa hivi, mama."

"Nawe wa bara, eh? Basi sikiza. Hiyo TV ikianza kusema kama wewe, utakwenda nayo kwenu!"

Ndani walicheka, nami nilicheka na nyaya zangu. Niliingia nyumba nyingi za Timbwani, na ukiniuliza leo ndani mlikuwa na nini, nitakwambia mlikuwa na televisheni.

Kisha simu zikaja, vibanda vya redio vikafungwa kimoja baada ya kingine, na mimi, ambaye sijawahi kutulia mahali, nikahamia Junda kutengeneza simu. Meneja wa duka alikuwa mdogo kwangu sana. Nilijifunza upya: kubadilisha vioo, kulehemu matundu ya chaji, kuzindua simu iliyoganda kwa kuiunganisha na kompyuta. Kompyuta hiyohiyo huweza kuruka namba ya siri ya mtu na kuingia ndani bila yeye kujua.

Vijana huniambia dunia imebadilika, mambo ya hodi na pazia yamepitwa. Imebadilika, sikatai. Redio ya zamani haikujua chochote juu yako ila stesheni uipendayo. Simu inajua unamdai nani, unaumwa nini, ulilia na nani. Sasa nielezeni: chaki ilihitajika zaidi wakati upi, ule au huu?

Mchana mmoja mwenye jengo letu, aliyeishi na mkewe ghorofani, aliingia dukani, akaweka mezani simu yenye kava la maua.

"Fungua hii. Nataka kuona jumbe zote."

"Ni ya nani, bwana?"

"Ya mke wangu. Mke wangu, simu yangu."

"Basi na aje mwenyewe. Hata simtumi mbali."

Meneja akaninong'oneza, "Buda, huyu ndiye mwenye nyumba. Fungua tu tumalize hii maneno."

"Sifungui."

"Ukikataa hii, huna kazi."

"Nimesikia. Sifungui."

Simu ikaita. Kwenye kioo palikuwa na namba tupu, bila jina. Mume akanyoosha mkono, lakini mimi nilikuwa karibu zaidi, nikapokea.

"Wewe uliyeichukua simu yangu," sauti ya mwanamke ikasema, "nakuomba kwa Mungu unirudishie."

"Haijaibiwa, dada. Iko kwa fundi, hapa chini ya jengo la mumeo. Njoo uichukue."

Mwenye nyumba alinitazama kama aliyepigwa kofi. Alianza kupiga kelele, na kelele zikawaleta wauza viazi, kinyozi na mafundi cherehani wa jirani, wakajaa mlangoni. Nilishika simu kifuani.

Yule mama alifika mbio, amejitanda leso juujuu. Akamwona mumewe, akaiona simu.

"Si umeniambia imeibiwa?"

"Kumbe mwizi ana jengo!" kinyozi akasema, na watu wakaangua kicheko. Mume akashusha mkono wake.

Nilimpa simu mwenyewe, mkononi. Akaishika, akanitazama kwa hofu.

"Mumeifungua?"

"La, dada. Iko vile ulivyoiacha."

Akafumba macho kidogo, akaitia ndani ya leso, akaondoka bila kumtazama mtu.

"Beba vitu vyako, mzee," meneja akaniambia.

Nilichomoa chuma changu kingali cha moto, nikakifunga kwa kitambaa. Nikapanda kiti nikaishusha redio ya baba kutoka kwenye rafu, na alama ya chaki kiooni, ambayo nimeipaka upya kila ilipofifia. Meneja akacheka, akanyoosha kidole kwenye kitufe cha stesheni.

"Hata hiyo yenyewe haishiki kitu."

"Usiiguse," nikamwambia, nikatoka.