Alteneta ya Petroli

Usiku mmoja ndoto ilinirudisha kwenye neno moja, "Nitaifunga," ambalo natamani lingenikwama kooni.

Ndivyo nilivyomjibu Bakari, mume wa dada yangu Mwanaidi, alipoleta gerejini kwangu pikapu yake ndogo ya dizeli. Alteneta, mashine inayochaji betri, ilikuwa imekufa, na kabichi zimeshapakiwa kwenda Mombo. Alteneta ya dizeli hubeba mgongoni pampu inayovuta hewa ili breki iwe laini. Dukani ilikuwepo ya petroli tu, isiyo na pampu. Nilijua. Nikaifunga.

Alizunguka uwanja mara moja, akatoa kichwa dirishani. "Shemeji, breki imekuwa ngumu."

"Kanyaga! Ugali wa dada yangu unaula bure?"

Akacheka, akaondoka. Kwenye kona za Soni gari halikusimama, na Bakari hakurudi. Watu wakasema alikuwa akikimbiza. Nikanyamaza, na miaka ikapita nimenyamaza.

Katika ndoto nilisikia kwanza injini, ule mlio wa kugongagonga wa dizeli ndogo, nje ya chumba changu. Nikatoka. Ua ulikuwa gereji, na gereji ilikuwa barabara, ukungu umelala juu ya lami. Pikapu imesimama, kabichi zinadondosha umande. Bakari yuko kwenye usukani na shati lake la drafti. Naingiza mkono nizime injini, ufunguo haupo.

"Izime," namwambia.

Anatazama mbele tu. Pikapu inaanza kuteremka, polepole, na mimi nimo ndani, sijui nimepandaje. Nyuma, katikati ya kabichi, Mwanaidi amekaa anapepeta mchele, hana habari. Natazama chini. Mguu wa Bakari uko kwenye breki. Ameukaza mpaka ndala imekatika, mishipa imemtoka, na bado miti inapita upesi, upesi zaidi.

"Nilikanyaga, shemeji," anasema, bila hasira yoyote. "Mwambie mke wangu nilikanyaga."

Niliamka mguu wangu wa kulia umekakamaa, unasukuma ubao wa kitanda.

Kulipokucha nilikwenda kwa Mwanaidi. Alikuwa kibarazani na ungo wake. Nilimweleza yote: alteneta, pampu, mzaha wangu, na mguu niliouona ndotoni. Hakulia.

"Miaka yote nimemlaumu marehemu kwa mwendo," alisema. "Wanangu nimewaambia baba yao alijiua kwa haraka zake. Na wewe kaka, kila Idi unakula hapa, unaniangalia."

Akauchukua ungo, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilisimama pale mpaka jua likanikuta.

Kazi ile ya saa moja ilimuua Bakari. Kuificha kumenipotezea dada yangu. Idi iliyopita nilikula peke yangu.