Marehemu Aliyebeba Kuni

Katika filamu niliyoipenda kuliko zote mwaka huu, jirani yangu ameuawa njiani kuelekea Walikale. Siku ilipoonyeshwa shuleni hapa Lushebere, Masisi, alikuwa ameketi kushoto kwangu, anatafuna muwa, na makapi alikuwa anayatemea kwenye kofia yake ili asichafue darasa.

Nianze mbali kidogo. Mimi ni mtu wa filamu. Kila mwaka ukikaribia kwisha, wenzangu wa kile kibanda cha mbao tunakoangalia video huniuliza ni zipi zilistahili tukae kwenye mabenchi yale mabovu, nami hujibu bila huruma. Mwaka huu ulikuwa mwembamba. Tuliona ile ya komando anayemaliza kikosi kizima kwa bunduki moja isiyojazwa risasi hata mara moja. Watazamaji wa Masisi, ambao katika jambo hilo hawahitaji mwalimu, walicheka mpaka mwenye kibanda akatishia kuzima. Tuliona ya Kihindi, wapenzi wanaimba juu ya theluji, msichana mabega wazi. Mama mmoja aliyetoka Burungu, aliyezoea kukamua ng'ombe katika baridi ya alfajiri, alishindwa kuvumilia: "Ule hana mama? Mumupatie hata kitenge!" Tuliona pia sehemu ya kwanza na ya tatu ya hadithi ndefu ya Kinijeria kuhusu shamba la urithi. Sehemu ya pili haikufika kwetu, na nadhani ndiyo iliyokuwa bora.

Kisha ikaja filamu ya shirika la misaada.

Ilipigwa wakati wa mvua. Timu ilishuka kwenye jeep ikitafuta mjane. Wajane wa kweli hapa hawakosekani, lakini hawakufaa. Mmoja alicheka kila kamera ilipomwelekea. Mwingine alitaka kuzungumzia mbegu za maharage na si kitu kingine. Hapo mpiga picha akamwona mke wa jirani yangu. Alikuwa anapika kwa kuni mbichi, na moshi ulikuwa umemtoa machozi mpaka kidevuni.

"Mama, usifute," akaambiwa kwa upole.

Wakamuuliza mume wake yuko wapi. Akajibu ukweli: ameenda kutafuta kuni, kwao ni Walikale, na kwa sababu ya hatari za barabarani ni miaka mingi hajafika kwao. Moto ulipoanza kuwaka vizuri na machozi kupungua, wakaomba moshi zaidi. Aliyeleta hizo kuni mbichi ni mume mwenyewe. Nilikuwa nimesimama pale, na nathibitisha kwamba sijaona mwigizaji aliyejitolea namna hiyo kwa ajili ya kifo chake.

Siku ya maonyesho, madirisha ya darasa yalizibwa kwa maturubai. Yule dada wa shirika tunayemwita Mademoiselle alitangaza kwamba filamu imepata tuzo ng'ambo, tukapiga makofi. Sauti ya mwanamume, nzito kama ya padri siku ya Ijumaa Kuu, ikasema kwamba mume wa mama huyu alishika njia ya Walikale, akauawa, na tangu siku hiyo mama anapika peke yake kwa machozi. Nyuma ya mama, palepale kwenye picha, polepole, mume akapita na mzigo wa kuni kichwani.

"Marehemu njo ule!" mtu akapiga kelele. "Anabeba kuni!"

Darasa zima likaangua kicheko. Mama mmoja akageuka, akampa jirani yangu mkono.

"Papa, pole kwa kifo yako."

"Aksanti, mama. Ilikuwa ya gafula."

"Mutu wa kufa," mkewe, anayempikia ugali kila siku, akadakia, "na bugari anakula vile?"

Filamu ilipokwisha, Mademoiselle alikuja kumweleza jirani yangu asichukulie vibaya. Pale, alisema, yeye anawakilisha wanaume wote waliokufa.

"Benye kufa ni wengi, Mademoiselle," akajibu. "Mungekamata mumoja wa kweli."

Niliamua hapohapo kwamba hiyo ndiyo filamu bora ya mwaka. Machozi ya moshi, marehemu anayetembea, na msimulizi asiyeona kile ambacho darasa zima linaona. Hakuna komando aliyewahi kunipa furaha hiyo.

Kicheko kilidumu mpaka siku mke alipopokea salamu za rambirambi. Zilitoka Walikale. Filamu ilikuwa imesafiri, simu kwa simu, hadi kijiji cha jirani yangu ndani ya msitu. Walikuwa wameshakaa kilio na kukimaliza. Vichwa vilikuwa vimenyolewa. Wavu wake wa kuwindia ulikuwa umepewa binamu, na mtoto mchanga wa kaka yake mkubwa alikuwa amepewa jina lake. Mama yake, ambaye sasa ni mzee sana, alikuwa hatoki tena nje.

Tulipanda kilima ambako simu inashika. Jirani akampigia kaka yake, akaweka sauti kubwa ili sote tusikie.

"Kaka, ni miye."

"Miye nani?"

"Mudogo wako!"

"Mudogo wangu alikufa. Tulimuona."

"Mulimuona wapi?"

"Mu filme."

"Lakini si miye huyu nakuongelesha?"

"Weye nakusikia tu. Ule tulimuona."

Nilichukua simu. Nikajitambulisha kama mtu anayejua mambo ya filamu, sifa ambayo haikumgusa hata kidogo. Nikamwomba aitazame tena, safari hii amwache shemeji yake na machozi yake, atazame nyuma. Yule mbeba kuni ndiye mdogo wake, mzima kabisa.

"Tulimuona muzuri," akasema. "Anapita nyuma ya bibi yake, na bibi hageuke. Bwana yako anapita, hata kumuangalia hapana? Ule ni muzimu. Njo pale mama alianguka."

Miaka yote hii ya kubishana kibandani, sijasikia mtu aliyeitazama filamu kwa makini kuliko yeye, na umakini huo ulikuwa umemzika mtu.

Jirani akaomba azungumze na mama yake.

"Hapana. Mama akisikia sauti ya mutu wa kufa mu simu, nitamuambia nini?"

Simu ikakatwa. Jirani alitaka kuondoka kesho yake. Mkewe akakataa kabisa: atokee mlangoni ghafla, mama amwone, halafu tuwe na maiti ya kweli?

Tukaenda kwa Mademoiselle. Ombi lilikuwa dogo: hata mwishoni kabisa, iandikwe kwamba mume yuko hai. Alitusikiliza kichwa ameinamisha upande, kama watu wa mashirika wanavyofundishwa. Kisha akasema filamu haiguswi tena, inasubiriwa katika nchi nyingine, na mume aliye hai angeharibu ujumbe. Ila angeweza kumpatia mama mtu wa kumfariji, kwani shirika lina huduma kwa wajane.

"Na ya benye kufa?" mke akauliza. "Huyu marehemu naye iko na njaa."

Basi tukapiga filamu yetu. Mchana, kwa simu yangu. Nilikuwa na mawazo mengi kuhusu mwanga na mahali pa kusimama. Mke akaniambia ninyamaze nipige. Jirani akapita na kuni. Mke akageuka, akamtazama usoni, akamkaripia kutoka moyoni: "Tena mubichi? Unataka kuniua macho?" Kisha ikawa zamu ya jirani kusema na mama yake. Alikuwa ametayarisha maneno tangu asubuhi, nilimsikia akiyarudia nyuma ya nyumba. Mbele ya simu yakampotea yote. "Mama, ni miye," akasema. "Ninakula." Akaondoka mbele ya kamera.

Video ilikataa kwenda kwa mtandao, kwa hiyo tukaitia kwenye kadi ya kumbukumbu, na kadi tukampa dereva wa pikipiki anayepita Walikale. Alirudi juzi, matope mpaka mabegani. Anasema kadi aliikabidhi mkononi mwa kaka mkubwa mwenyewe, akaipokea, akaitia mfukoni, akamshukuru. Kama mama ameonyeshwa, dereva hakuuliza.