Tulivyoikataa Ghorofa ya Manispaa

Nilipoolewa Nakuru, katikati ya miaka ya hamsini, nilikuta kitanda changu na kitanda cha mama mkwe vimetenganishwa na pazia. Lilikuwa pazia zuri, la maua mekundu, na halikuzuia kitu chochote isipokuwa mwanga wa taa. Kitanda chetu kilikuwa cha chuma, nacho kilikuwa na malalamiko mengi. Ukigeuka, kinalia. Ukivua soksi, kinalia. Kikilia upande wetu, mama mkwe anakohoa upande wake, na hakuna daktari ambaye angepata ugonjwa wowote katika kifua kile.

Nyumba ilikuwa ya manispaa, chumba kimoja kirefu chenye jiko dogo la nje, katika mstari wa nyumba zilizofanana kama meno. Bomba la maji lilikuwa moja kwa mstari mzima. Choo kilikuwa mbali, na upepo wa ziwani ulipovuma ulituletea vumbi la magadi na habari za choo kwa pamoja. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha unga. Alirudi jioni akiwa mweupe kuanzia nyusi hadi viatu, akaoga, akala, akalala. Mama yake alikuwa mjane aliyechuma maua ya pareto kwenye mashamba ya Molo mpaka magoti yakagoma, kisha akashuka mjini kukaa na mwanawe wa pekee. Alikuja na kuku. Kuku walilala jikoni, na kwa heshima waliyopewa ungedhani wao ndio wapangaji na sisi tumekaribishwa tu.

Kwa hiyo habari ilipoenea kwamba manispaa inataka kubomoa mistari yetu na kujenga jumba la ghorofa nne, moyo wangu uliruka. Nyumba zenye vyumba viwili! Vyumba vyenye milango! Lakini sikumwambia mtu, kwa sababu lokesheni nzima, yaani mtaa wetu wa Waafrika, ilikuwa imekasirika, na aliyekasirika kuliko wote nilikuwa nampikia chai kila asubuhi.

"Wanataka kutupanga kama magunia," mama mkwe alisema, akiwatupia kuku mahindi. "Gunia la chini likioza, nani atajua?"

Manispaa ikaita mkutano kwenye ukumbi wa jamii, mchana wa siku ya kazi, wanaume wakiwa viwandani na kwenye reli. Labda walidhani wanawake watakaa kimya. Aliyeendesha mkutano alikuwa mama mmoja wa Kizungu wa ustawi wa jamii, mrefu, mwenye shingo nyekundu, ambaye pia alitufundisha kushona siku za Jumatano. Hakuwa mtu mbaya. Shida yake ilikuwa kwamba aliamini kila jambo linaweza kutengenezwa kwa kuzungumza polepole.

Karani aliyezoea kumtafsiria alikuwa na jino bovu siku hiyo. Alikuja na shavu limevimba kama chungwa, akajaribu kufungua mdomo, machozi yakamtoka. Yule mama akatazama huku na huku, akaniona. Nilikuwa nimesoma misheni, na kwenye darasa la kushona mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kwa Kiingereza sindano zimekwisha.

"Wewe njoo," akaniita. "Utatafsiri. Usipunguze, usiongeze. Wanachosema, nataka kukisikia chote."

Nikaenda mbele. Mama mkwe alikuwa safu ya kwanza, amefunga kitambaa chake cha kanisani, amejaza benchi.

Mezani palikuwa na kijumba cha kadibodi kilichopakwa rangi, chenye madirisha madogo na miti iliyotengenezwa kwa vipande vya sponji. Yule mama alieleza jinsi nyumba zitakavyokuwa safi, na kila familia itakuwa na jiko lake, bomba lake, na choo chake ndani ya nyumba.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Ndani ya nyumba?" mama mkwe akasimama. "Choo na sufuria mlango mmoja?"

Nikatafsiri. Mama wa ustawi akasema milango itakuwa tofauti, na ni usafi wa kisasa.

"Sawa. Muulize hivi. Mimi nimepewa chini. Nimekaa nakula ugali wangu. Wa juu akienda chooni, atakuwa amekaa wapi?"

Nikauliza. Yule mama akafikiri kidogo, akaonyesha kwenye kijumba kwa penseli, kwa uaminifu kabisa. "Hapa. Juu yake."

Ukumbi ukalipuka. Wengine walicheka, wengine walisonya, bibi mmoja akajifunika uso kwa leso. Mama mkwe akangoja kelele zipungue, kama mhubiri.

"Muulize yeye anapokaa kule Milimani kwa Wazungu, juu ya sahani yake anakaa nani?"

Niliyatafsiri yote, bila kupunguza, kama nilivyoagizwa. Shingo ya mama wa ustawi ikapanda rangi mpaka masikioni. Akajibu kwa sauti ndogo kwamba nyumba yake haina ghorofa.

"Haya!" mama mkwe akasema, akaketi.

Baada ya hapo kila mtu akapata nguvu. Mwanamke mjamzito akauliza maji yatapandaje hadi juu, ikiwa bomba letu lililo chini hukauka kabla ya saa nne. Mwingine akasema mumewe akitoka kilabu hukosea nyumba hata sasa, na nyumba ziko chini, zinaonekana. Je, milango ikifuatana ngazi kwa ngazi, yote ya rangi moja, atarudishwa na nani?

"Wengine hawatamrudisha," sauti ikatoka nyuma, na wanawake wakagongana mabega kwa kicheko.

Mzee mmoja fundi cherehani, Mwislamu ambaye wazazi wake walitoka pwani, akaomba nafasi kwa adabu. Alisema yeye hana ugomvi na ngazi. Ana ugomvi na madirisha. Nyumba yake iko jirani na mistari itakayobomolewa, nayo ina ua, na binti zake hukaa uani bila mtandio, wakisukana. "Binti yangu," akaniambia, "mwambie bibi kwamba mtu akijengewa dirisha juu ya ua wangu, mimi nimejengewa barabara ndani ya nyumba." Kisha akaongeza, karibu kwa aibu, kwamba angependa kujua jeneza litashuka vipi kwenye zile kona za ngazi. Mama wa ustawi alitazama ngazi za kadibodi kwa muda mrefu. Ni wazi kwamba hakuna aliyekuwa amelifikiria jeneza.

Halafu likaja swali la wakwe. Itakuwaje manispaa ikigawa nyumba, mama mkwe apewe chini na mkwewe wa kiume apewe juu, alale na mkewe sawasawa juu ya kichwa cha mama wa watu? Hilo halikuchekesha mtu. Wazee walitingisha vichwa. Nilipolitafsiri, yule mama akaniuliza kama nimeelewa sawasawa. Nikamwambia nimeelewa sana.

Labda ni jinsi nilivyolisema neno lile. Aliweka penseli chini, akaniangalia, akaniuliza kwa Kiingereza, "Na wewe mwenyewe, je? Unaionaje?"

Nikamtazama mama mkwe.

"Amekuuliza nini?" mama mkwe akataka kujua.

"Ameniuliza mimi naonaje."

"Basi mjibu. Kwa Kiswahili, tusikie."

Ningeweza kusema jambo lolote. Ningeweza kusema nina mawazo sawa na mama. Lakini nilikuwa nimesimama pale kwa muda mrefu nikisema maneno ya kila mtu kwa sauti kubwa, na mdomo wangu ulikuwa umezoea.

"Mimi naitaka," nikasema. "Nataka nyumba yenye mlango."

Vichwa vyote vikamgeukia mama mkwe.

"Kwani kwangu hakuna mlango?" mama mkwe akauliza polepole.

"Wa nje upo, mama. Wa ndani ni pazia."

Sijui ni nani aliyeanza kucheka. Najua tu kwamba hakuna aliyebaki. Hata karani mwenye jino bovu alishika shavu lake na kutetemeka mabega. Wanawake wote wa lokesheni walikuwa na pazia, au walikuwa na mama mkwe, na wengi walikuwa na vyote viwili. Mama mkwe hakucheka. Alifungua kitambaa chake, akakifunga upya, akatoka.

Kuanzia siku hiyo hakusema nami. Alisema na kuku. "Kuku wangu, chumvi imezidi leo." "Kuku wangu, kuna watu wanaofikiri kuamka saa hizi ndiyo ustaarabu." Mume wangu, ambaye kinuni alijua kutengeneza mashine yoyote, nyumbani hakuthubutu kugusa hata skrubu moja. Nilipomlaumu, alisema, "Wewe ndiye uliyesoma, ongea naye." Kisha akageuka kulala, kitanda kikalia, na kwa mara ya kwanza upande wa pili haukukohoa. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko kikohozi. Nilianza kujiona nimemvua nguo mtu mzima mbele za watu, mwanamke aliyemlea mume wangu kwa mikono iliyokauka kwa kuchuma maua ya wenyewe.

Nilikuwa nikipanga jinsi ya kumwomba radhi wakati mkokoteni uliposimama nje. Juu yake kulikuwa na mlango. Mlango mzima, mzito, wa rangi ya kijani, wenye kitasa cha shaba, uliotoka kwenye nyumba fulani ya zamani ya reli iliyokuwa ikibomolewa. Nyuma ya mkokoteni alikuja mama mkwe, akitoka jasho, pamoja na seremala.

"Weka pale," akamwambia seremala, akionyesha pazia. Kisha akanigeukia mimi, si kuku. "Ulisema unataka mlango."

"Mama, mimi sikutaka kukuaibisha."

"Uliniaibisha vizuri sana. Shika huo upande, ni mzito."

Seremala alipiga ukuta wa mbao kutoka upande mmoja hadi mwingine, akaufunga ule mlango katikati. Ulikuwa mfupi, chini ulibaki uwazi ambao kuku aliweza kupita akiinama, na walipita. Bawaba zake zililia kwa sauti ambayo ilifanya kitanda kionekane kimeokoka. Mtu akitoka kwenda kunywa maji, jirani wa nyumba ya tatu alijua. Lakini ulifungwa. Usiku wa kwanza mume wangu alizungusha kitasa mara nyingi, kufunga na kufungua, mpaka sauti ikatoka ng'ambo: "Mmemaliza kuufurahia?"

Nilicheka mpaka nikauma mto.

Manispaa haikujenga ghorofa nne. Sababu hatukuambiwa. Wengine walisema simenti ilipelekwa kwingine, wengine walisema ni ardhi ya Nakuru, ambayo mvua ikizidi hufunguka ghafla na kumeza hata mti. Wanawake wa lokesheni walisema ni wao, na mama wa ustawi, alipokutana nao, hakubisha. Baada ya muda zilijengwa nyumba za ghorofa moja tu, ng'ambo ya barabara, penye uwanja, mbali na ua wa mzee fundi cherehani. Mume wangu akapata ya juu. Nilikuwa na mimba kubwa tulipohamia. Mama mkwe akakataa kuja. Alisema hawezi kumwaga maji juu ya kichwa cha mtu asiyemjua.

Lakini mtoto alipozaliwa alikuja mbio, na kwenye ngazi hata hakusita. Alipanda akimwita mtoto kwa jina alilomchagulia, kabla hajajua kama ni wa kiume au wa kike. Alimshika, akamchunguza masikio, akasema ni wa kwao. Alipofika mlangoni kuondoka, akatazama ngazi zinavyoshuka, akarudi ndani, akaketi.

"Nitashuka kesho," akasema.

Kesho yake akasema magoti hayako tayari. Kesho kutwa akasema mtoto anamhitaji. Akawatuma majirani wa zamani wawape kuku mahindi. Ilipofika Jumapili, kanisa likawa linaita na hakuna njia nyingine ya kwenda. Alijifunga kitambaa, akatoka, akaketi kwenye ngazi ya juu kabisa, akaanza kushuka akiwa amekaa, makalio kwa makalio, mume wangu akimtangulia kinyumenyume na mkoba wake mkononi. Watu wa chini walitoka na nguo zao za ibada kumsalimia, naye aliwajibu wote, mmoja mmoja, habari za nyumbani, watoto hawajambo, bila kuinuka.

"Mama, simama sasa, imebaki kidogo," mume wangu akamsihi.

"Wewe tembea," akasema. "Mimi sina haraka."