Fundi Aliyeniuliza Kama Nilifuta Kitu

Ujumbe ulinifikia Jumanne mchana, nikiwa mezani kwangu gazetini na sahani ya githeri mbele yangu. "Fundi ameenda. Walimchoma jana." Aliyeuandika ni mama anayechapisha vijitabu vya mazishi katika kibanda kilichopakana na cha marehemu, ghorofa ya pili ya jengo moja karibu na River Road. Marehemu alikuwa Mhindu, mzaliwa wa Ngara na mkazi wa mtaa wa Jamhuri, na kwao maiti haikai. Sisi wengine tukifa hupewa wiki nzima ya mikutano, kwaya na picha ya rangi kwenye jalada. Yeye alifariki Jumapili, Jumatatu akawa majivu. Nilisoma ujumbe mara mbili, nikamaliza githeri, nikarudi kusahihisha makala ya mtu mwingine. Ningependa kuwaambia kwamba moyo ulinipasuka. Haukupasuka. Nilikuwa kama mtu aliyedungwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, anajua kuna kitu kinang'olewa ila hasikii lolote.

Kazi yake ilikuwa ya ajabu kidogo. Mtu wenu akionekana kwenye runinga, king'amuzi cha siku hizi hukuwezesha kukirekodi kipindi kwenye flashi. Unafurahi. Siku unayotaka kukata ile sehemu yake ili uionyeshe harusini au mazishini, programu ya kuhariri kwenye kompyuta inaikataa faili, au inaleta picha bila sauti. King'amuzi huandika kwa namna yake. Kipindi kikiwa kirefu hukikata vipande, na sauti hukiweka kwa mtindo ambao programu nyingi haziujui. Hapo ndipo watu walipopanda ngazi kumtafuta fundi, na wengi walifika wakiwa wameshabadilisha jina la faili, mkia wake hasa, zile herufi zinazofuata nukta, wakidhani wameibadilisha faili yenyewe. Nilimkuta siku moja na mwalimu wa kwaya kutoka Dagoretti aliyekuwa amefanya hivyo mara kadhaa. "Mwalimu," fundi akamwambia kwa upole, "ukivalisha mbuzi koti, haitaenda ofisi." Mwalimu akacheka mpaka akakaa chini, na kwaya yake ikapatikana kabla ya saa kumi.

Alikuwa na desturi moja ambayo iliwaudhi wateja, mimi nikiwa wa kwanza. Hakugusa kompyuta kabla hujamsimulia kila kitu. Ilirekodiwa na nini? Nani ameigusa? Umefuta kitu? Waliokiri kwamba wamefuta aliwanyang'anya flashi palepale, akaifunga kwa karatasi, akawakataza hata kuiulizia kwa siku mbili. Alinieleza kwamba kilichofutwa huwa bado kimo mle ndani, mradi hakuna kipya kilichoandikwa juu yake. Lakini watu hawapendi kukiri. Huyo ndiye Mkenya ninayemjua: gari likizima anamwambia makanika lilizima tu lenyewe, na kwa daktari anaapa kwamba dawa alimeza zote. Mficha uchi hazai, walisema wahenga, nasi tunauficha kwa bidii, kisha tunawalaumu mafundi wa mji huu kwamba hawajui kazi.

Nilipanda ngazi zile kwa haja yangu miaka minne iliyopita, mama alipofariki. Mama alifuga mbuzi wa maziwa kule Dagoretti, na mwaka mmoja kabla ya hapo kipindi cha kilimo kilikuwa kimekwenda kumhoji. Hakuna kati yetu watoto aliyekitazama kikirushwa. Sote tulikuwa kazini. Dada yangu wa Kileleshwa alikitega king'amuzi chake kikirekodi, akanipa flashi, nami nikaitupa kwenye droo ya meza yangu bila kuifungua. Mama alipokufa tuliamua kumwonyesha kanisani akizungumza. Nikaichomeka flashi na kukuta vipande viwili. Cha kwanza kilicheza, ingawa programu ya kuhariri ilikikataa. Cha pili hakikucheza kabisa. Flashi ilikuwa imejaa, nami nilihitaji nafasi ya picha za marehemu za kupeleka kwa mchapishaji. Kipande kisichofunguka nilikihesabu kuwa takataka. Nikakifuta.

"Hii file iko peke yake?" fundi aliniuliza.

"Peke yake."

"Hakuna ingine umefuta?"

"Hapana."

"Sema tu. Mimi siwezi kukasirika."

"Hakuna."

"Basi enda na flash yako. Mimi nabaki na copy."

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Labda kwa sababu mimi ni mtu wa kalamu, ninayewafundisha wengine kila Jumapili, na sikutaka kuonekana mjinga mbele ya mchapishaji aliyekuwa akisikiliza kutoka kibanda cha pili. Nilikwenda na flashi, nikaijaza picha za mama. Jioni fundi akanipigia simu. "Ile flash, umeweka kitu?" Nikamwambia picha tu. Akasema, "Sawa, mzee. Pole sana."

Alinitengenezea kile kipande cha kwanza vizuri, picha na sauti. Mama anaonekana akieleza malisho, anamkemea mbuzi mmoja, mtangazaji anamwuliza kama watoto wake wanamsaidia. Anafuta mikono kwenye leso, anacheka, anasema, "Huyo wangu wa gazeti, sasa huyo..." Hapo inakatika. Fundi aliimalizia kwenye kicheko, kwa hiyo waombolezaji walimwona mama akicheka na kioo kikafifia polepole, nao wakasifu. Kituo kilichorusha kipindi kilishafungwa. Majirani waliokitazama siku ile nimewauliza wote, na wanachokumbuka ni mbuzi.

Dada yangu aliniomba msamaha palepale mazishini. "Mimi sijui kuset hizi vitu," aliniambia. "Nilifanya irekodi nusu." Nikamwambia asijali. Naam, hivyo ndivyo nilivyomjibu, na mkono nikamwekea begani. Tangu siku hiyo hajawahi kurekodi kitu chochote, na kila mwaka tunapomkumbuka mama husema yeye ndiye aliyetupotezea maneno yake ya mwisho kwenye runinga. Mimi huwa nanywa chai.

Jumatano nilikwenda mjini kutoa pole. Kibanda cha fundi kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, na mchapishaji alikuwa akipanga picha za marehemu mwingine. Alilalamika kwamba katika miaka yote ya ujirani amezika wateja wote wa fundi kwa karatasi zake, na fundi mwenyewe hakumwachia hata ukurasa mmoja wa kuchapisha. Tukakaa. Nikamwambia kwamba niliwahi kumdanganya fundi, na sasa sina wa kumwomba radhi.

"Ya ile flash ya mama?" akauliza.

"Ulijua?"

"Yeye ndiye alijua. Aliona ile file imefika tu pale decoder hukata, akajua kuna ingine. Ukimwambia umeweka picha, akafunga simu, akaniambia, 'Huyu amefuta, na sasa ameandika juu yake. Lakini amefiwa. Wacha akae hivyo.'"

Nilingoja kitu kinijie, machozi au aibu. Hakikuja. Nilimwuliza kama wale wa hoteli ya ghorofa ya chini bado wanapika chai nzuri, akasema ndiyo, nikashuka. Ngazini ndipo nilipofahamu kwamba fundi alinihurumia mimi kwa sababu hakujua kuna mtu mwingine aliyebeba lawama. Angejua habari za dada, nadhani asingenyamaza. Yeye aliachilia kosa lililomwangukia yeye, la kudanganywa na mteja, na basi. La dada halikuwa lake kuachilia, na wala halikuwa langu.

Nilimpigia dada asubuhi hii, kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa safu hii. Nilimweleza yote: vipande viwili, nafasi ya picha, nilivyomjibu fundi. Nyuma yake nilisikia sufuria zikioshwa.

"Kwa hivyo si mimi," akasema.

"Si wewe."

"Na umeniacha nikisema ni mimi, kila mwaka, mbele ya watoto."

"Ndiyo."

Akakata simu. Hajanipigia tena, na sina haki ya kumharakisha. Bado sisikii kitu, wasomaji wangu, lakini huenda ganzi inaanza kuisha. Alichokuwa akisema mama hakitapatikana. Faili iliyokwisha kuandikiwa kitu kipya juu yake haina dawa, na fundi aliyeweza kujaribu ameshakwenda. Ila ukijua kuna mtu anayelala na kosa lako kichwani mwake, mpigie leo. Hilo halihitaji fundi, na usitazamie kushukuriwa.