Wembe wa Kisu cha Mkwe

Nina aibu, naisema mwenyewe kabla majirani hawajaisema.

Siku ya arobaini ya marehemu mume wangu, mkwe wangu Yona alileta swala aliyemwinda kwa kibali, na kisu chake cha kisasa, kile ambacho wembe wake ukiisha makali unachomolewa na kuwekwa mwingine. Nikamcheka mbele za watu, nikasema wembe wa kuchomoka utaishia kwenye nyama. Kisu hasa ni changu, kilichofuliwa kwa springi ya lori, chuma kimoja, miaka thelathini. Lakini changu kilikwama kwenye nyonga, nikachukua chake kimyakimya. Wembe ulipoisha makali nikaubadilisha, ule wa kwanza nikaufunga pindoni mwa khanga wajukuu wasiukanyage. Kwa kazi za msiba nikasahau.

Nyama ikiwa jikoni, Yona akahesabu nyembe zake.

“Mama, mmoja siuoni.”

“Si nilisema? Umo kwenye nyama! Mwageni yote!”

Sufuria tatu zikafukiwa. Wageni kutoka Mafinga wakala ugali kwa chumvi. Binti yangu akalia. Yona akapiga magoti kuniomba radhi.

“Baba, msiba hauchezewi,” nikamwambia, huku nafungua pindo nichukue ugoro.

Wembe ukaanguka mkekani, mbele ya magoti yake.