Mfuko Mkali wa Kinyozi

Kinyozi huyu alikuwa na mdomo usiopumzika. Mteja aliingia kupunguza nywele, akatoka anajua nani kaposa na nani kaachika, huku upande mmoja wa kidevu umesahauliwa. Mkewe, mshona nguo, maneno yake ya kutwa nzima yangetosha mfukoni. Labda ndiyo maana walielewana.

Figo za kinyozi zilipokufa, hospitali ilimpa njia mbili: mashine ya kusafisha damu, ambayo ingemtaka afike hospitali mara tatu kwa wiki, au tumbo lake mwenyewe. Akachagua tumbo, maana mashine ingemfungia duka. Wakampachika mpira mwembamba karibu na kitovu. Maji ya dawa yaliingia humo, yakakaa saa kadhaa, utando wa ndani ya tumbo ukachuja uchafu wa damu, kisha yakatolewa na kuingizwa mengine. Utando huo ndio uliokuwa figo zake sasa.

Kazi ya kubadilisha mifuko ya maji ilikuwa ya mkewe. Alifunga dirisha, akazima feni, akavaa barakoa, akanawa mpaka kwenye viwiko, na akampiga marufuku mumewe kusema neno mpira ukiwa wazi. Kinyozi alidai hiyo ilikuwa adhabu kuliko ugonjwa wenyewe.

Shida ilikuwa chai. Mtu asiyekojoa hanywi anavyotaka; yeye alipimiwa vikombe vidogo. Wateja wanakunywa na kupiga soga, yeye kashika mkasi, midomo imemkauka. Akaanza kufunga duka mapema. Siku moja mkewe alimkuta kwenye kiti cha wateja, anajitazama kwenye kioo, kimya. Mama wa watu angeweza kuvumilia mengi, lakini kimya cha mume wake kilimshinda.

Mifuko ilikuwa ya aina mbili, ya kawaida na mikali. Ule mkali una sukari nyingi, unavuta maji mengi mwilini, na ulikuwa wa kutumiwa kwa nadra, miguu ikivimba. Jioni ile alimtundikia mkali. Asubuhi miguu ya mumewe ilikuwa imenywea.

"Leo kunywa chai yako bwana," akamwambia.

Ikawa Jumamosi tu, kisha na siku nyingine, mwishowe mfuko wa kawaida ukasahaulika. Kliniki wakimuuliza mkewe mbona mikali inaisha upesi, alijibu miguu inavimba. Soga zikarudi dukani. Miaka ile ilikuwa mizuri, tusidanganyane.

Kisha maji yakagoma. Aliingiza mfuko mzima, yakatoka pungufu. Kinyozi akavimba uso, akawa anahema kwa kupanda ngazi mbili tatu. Kliniki wakamshikilia tangu asubuhi, wakichukua mara damu, mara maji ya tumboni. Daktari, binti wa umri wa kitinda mimba wao, akawaeleza taratibu.

"Mzee, damu inaonyesha kuna uvimbe wa ndani kwa ndani, na si wa jana. Utando wa tumbo umechoka. Sukari ya mfuko inapenya haraka kwenye damu kabla haijavuta maji. Mifuko mikali ikizidi, inauunguza polepole. Itabidi uende kwenye mashine, ingawa moyo wako unanitia wasiwasi."

Walipofika nyumbani tu, mkewe akasema, "Nimekuua kwa mikono yangu, baba watoto."

"Acha hayo. Mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba mfuko mkali unakula tumbo. Waliniambia zamani. Ningekwambia ungeninyima chai."

Mwanamke akamkodolea macho. "Yaani umenipangia ujane kwa ajili ya chai, hata kuniuliza hukuniuliza?"

"Ndivyo nilivyo," akasema kinyozi.

Alimkasirikia kwelikweli. Alimpeleka kwenye mashine, akamfulia, akampikia, hayo hakuyaacha. Lakini majibu yake yakawa ya mkato, na mumewe akianza kisa, alikanyaga cherehani mpaka kisa kikafa chenyewe. Duka likafungwa. Moyo wa kinyozi haukuistahimili mashine, na kabla ya mwaka kuisha akafariki. Mjane alilia huku bado ana kinyongo.

Msiba ulipotulia alirudisha kliniki mifuko iliyobaki. Akapokewa na nesi yuleyule aliyemfundisha kubadilisha mifuko.

"Nina neno," mjane akasema. "Kwa nini mlimwambia mume wangu ubaya wa mifuko mikali, mimi mkanificha?"

Nesi akashangaa. "Mama, yeye hatukumwambia. Wakati wa mafunzo alikuwa wodini baada ya kuwekewa mpira, hajitambui. Nilikueleza wewe, ila ulikuwa na hofu sana, ukawa unaniuliza habari za kunawa mikono tu. Mzee alisikia kwa mara ya kwanza siku ile ya majibu. Ulipokwenda kuchukua dawa dirishani, alimuuliza daktari mbele yangu utando ni kitu gani."

Mjane akaketi kwenye benchi la wagonjwa. Mumewe hakuwa anajua lolote. Aliutunga uongo ule njiani, yeye fundi wa maneno, ili mkewe apate mtu wa kumkasirikia asije akajichukia mwenyewe. Naye akaupokea wote, akamnunia miezi yote iliyobaki, mtu ambaye hakuhitaji kitu ila kusikilizwa.